Pembe ya Jumamosi

Aminieli alipofika kwa Mzee Fredrick, suruali ilikuwa imelowa tope mpaka magotini, na maneno yote aliyoyapanga njiani yalikuwa yamemtoka. Kule nyumbani, mlimani juu ya kanisa, mkewe Agatha alikuwa kitandani akivuja damu na mimba haijatimiza miezi yake. Gari la wagonjwa lilikuwa limekwama ng'ambo ya maporomoko yaliyofukia barabara ya Myamba. Pikipiki haikuweza kupita. Kilichobaki ni machela, na machela haijibebi.

Wabebaji huitwa kwa pembe, na pembe anayo Mzee Fredrick. Ni ile ile inayolia kila Jumamosi asubuhi kuita msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, na kila nyumba hutoa mtu wa kwenda kuchimba barabara, kuzibua mfereji au kusomba mawe ya shule. Nyumba isiyotoa mtu hukumbukwa. Siku yake ya shida ikifika, pembe italia, lakini ghafla kila mtu atakuwa anaumwa mgongo. Aminieli aliyajua hayo tangu utotoni. Alijua pia kwamba tangu apate kazi ya kujaza mafuta kwenye sheli moja kule Same, hajashika jembe la msaragambo hata mara moja. Jumamosi wateja ni wengi, na bosi wake hatoi ruhusa siku hiyo hata jirani yako afe. Leo yenyewe alikuwa ametoroka zamu. Mwenye kazi mjini na nyumba mlimani hulaumiwa kotekote.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," mzee akajibu, akaendelea kula makande yake.

Aminieli akaeleza shida yake, kisha akaanza kujitetea kabla hajashtakiwa. Akamtaja bosi, akataja zamu, akaahidi mbuzi wa faini. Sauti ilimpanda kama ya mtoto, naye akaona haya. Mzee alitafuna tu. Asiyekuwapo na lake halipo, Aminieli akawaza, akamwona Agatha akifa kwa sababu ya jembe ambalo yeye hakulishika.

Hatimaye mzee akaweka bakuli chini.

"Nani kakwambia nyumba yako inadaiwa?"

Akamweleza kwamba Agatha hajakosa Jumamosi hata moja. Alikuja na jembe lake. Tumbo lilipokuwa kubwa walimnyang'anya jembe, naye akahamia jikoni kuwapikia wachimbaji. Walipomwambia apumzike alikataa, akasema mumewe yuko kazini kwa ajili ya nyumba, basi na yeye yuko pale kwa ajili ya mumewe. Mama Dorkas, mama yake Aminieli, ndiye aliyewaomba watu wasimwambie mwanawe, asije akaacha kazi.

Mzee akatoka uani, akapuliza pembe.

Nao wakaja, wengine wakiwa bado na tope la shamba mikononi. Walipomlaza Agatha kwenye machela, Aminieli akaukimbilia mti wa mbele. Mzee Fredrick akamwondoa mkono taratibu.

"Mbele hushika anayeijua njia. Hii tumeichimba juzi, wewe hukuwepo."

Basi akafuata nyuma, amebeba mfuko wa khanga, akitazama visigino vya wanaume waliombeba mkewe. Njia ilikuwa nyembamba, upande mmoja korongo, na kila mguu ulipoteleza alinyoosha mkono kana kwamba angeweza kuidaka machela. Katikati ya maporomoko simu ikaita. Bosi alitaka kujua yuko wapi, magari yamejaa, na asipofika mchana huu asirudi tena. Aminieli akaifikiria kazi ile, ambayo ndiyo sabuni, dawa na sukari ya nyumba nzima.

"Niko kwenye msaragambo, bosi," akasema. Simu ikakatwa.

Machela ikasimama ili wabebaji wabadilishane mabega. Agatha akafunua kitenge usoni.

"Mzee," akasema kwa sauti ndogo, "leo nyumba yetu hesabu watatu. Huyu naye anapiga teke."

Mzee Fredrick akageuza uso kidogo, akajifuta macho kwa kofia. Kisha akamwita Aminieli, akamwonyesha mti wa nyuma.

"Haya, shika hapa. Na uangalie unapokanyaga."

Bondeni, nesi alikuwa ameshafungua mlango wa gari.