Jino la Mbele

"Hiyo si sauti yangu, Fundi. Usinizungushe."

"Dada, nakuapia ni yako. Ya nani tena?"

"Basi irudishe. Palepale."

Fundi mitambo wa studio akairudisha kwa mara ya tano. Wimbo wa nane ukapanda taratibu, kinanda kikiusukuma kwa nyuma, ukafika kwenye neno la mwisho la kiitikio: *sasa*. Neno likapaa, likakaa huko juu bila kutetereka, safi kama glasi iliyotoka kuoshwa.

Kengele alikunja uso. Hilo ndilo jina walilompa mashabiki wa muziki wa soul enzi zile, kabla hajanyamaza miaka kumi na moja. Katika miaka hiyo alikuwa amelea watoto watatu, akamuuguza mama mkwe, na kufanya kazi masijala ya chuo, akitafuta mafaili ambayo wenzake walikuwa wameyakalia. Wiki mbili hizi za studio alizipata kwa kulimbikiza likizo, na leo ilikuwa siku ya mwisho. Msambazaji alitaka albamu nzima kabla ya saa kumi alasiri. Saa tisa na robo ilikuwa imeshapita.

"Mimi Jumatatu nilifika nusu ya neno hilo nikakohoa," alisema. "Sote tulikuwepo. Shemeji, nilikohoa, sikukohoa?"

Shemeji, mdogo wa mume wake, alikuwa ameegemea kinanda chake akijipepea kwa bahasha. Feni ilikuwa imezimwa ili isisikike kwenye vipaza sauti, na magodoro yaliyotundikwa ukutani yalizidisha joto.

"Shemeji, ulikohoa kama lori lililokataa kuwaka," alisema. "Lakini mimi simo. Msinitie kwenye ugomvi wenu."

"Umeshatiwa. Fundi, kikohozi changu kimekwenda wapi?"

"Nimelisafisha hilo neno kidogo tu."

"Mimi nasafisha masufuria kila siku. Sufuria haitoki ikiwa mpya."

Fundi akacheka. Kengele hakucheka. Kuna kitu kilikuwa kimemkwaruza sikio tangu asubuhi, na alikuwa hajakikamata. Akainama karibu na spika. "Tena. Polepole."

*Sasa.* Kabla ya kila *a* kulikuwa na kimluzi chembamba sana, kama upepo chini ya mlango.

Akanyooka. Akaingiza kidole mdomoni, akang'oa jino la mbele la juu na kuliweka juu ya meza ya mitambo, katikati ya vifungo.

"Aisee!" Shemeji akaruka. "Onya watu kwanza!"

"Sasa," alisema Kengele, na pengo likapiga mluzi. Akalirudisha jino. "Sasa." Kimya, hakuna mluzi. "Hili la bandia niliwekewa miaka tisa iliyopita, kwa mshahara wa masijala. Kwa hiyo huyo anayepiga mluzi kwenye wimbo wangu mpya ni nani, Fundi?"

Fundi akatazama vifungo. Masikio yalikuwa yamemwiva.

"Ni kutoka albamu ya kwanza," alisema hatimaye. "Kiitikio kilikuwa na neno hilohilo. Nikalikata, nikalipachika. Dada, nilikuwa nakusaidia! Watu wamengoja miaka yote hiyo wasikie ile sauti. Ukiwapa hii nyingine…"

"Malizia."

"Imeshuka. Ina mikwaruzo."

"Imeshuka kwa sababu nimeitumia! Nimewaita watoto kuoga kwayo miaka kumi na moja. Unadhani niliiweka kabatini?"

Kilichomchoma hasa hakikuwa Fundi peke yake. Dirishani pale masijala, kila aliyemtambua alimuuliza ile sauti iko wapi, kama mtu anayedai faili lililopotea. Hata mume wake alisikiliza nyimbo mpya akasema, "Nzuri, ila ya zamani, aah!" Na wimbo huu wa nane aliuandika kwenye benchi la wodi ya mama mkwe, nyuma ya kadi ya kliniki, usiku ule daktari aliposema *bado kidogo* kwa mara ya saba. Binti mwenye pengo wa enzi zile hakujua lolote kuhusu benchi lile. Iweje leo yeye ndiye amalizie sentensi?

"Lifute," alisema.

"Litabaki shimo. Na juu pale hufiki, Dada. Tusidanganyane."

"Sifiki, kweli. Shemeji, ushushe huo wimbo. Nipigie chini zaidi."

Shemeji akagusa vitufe viwili, vitatu, akitafuta. "Hapa?"

"Chini."

"Hapa ni kwenye magoti kabisa."

"Hapohapo."

"Na gitaa je? Na ngoma?" Fundi alishika kichwa. "Havitaoana tena!"

"Viache nje. Kinanda kinatosha. Funga mlango, urekodi, na usiguse kitu mpaka nikwambie."

Akaingia kwenye kile chumba kidogo cha kuimbia, akavua viatu na kufumba macho. Akaimba wimbo mzima mara moja. Alipofika kwenye *sasa* hakulirusha juu. Alilikokota kama kabati zito kwenye sakafu ya saruji, likakwaruza, likakwama kidogo katikati, kisha likapita.

Shemeji aliacha vidole juu ya vitufe mpaka mlio ukaisha wenyewe.

"Kuna mkwaruzo pale katikati," alisema Fundi kwa sauti ya chini. "Naweza…"

"Ni wangu. Ingiza wimbo huu uwe namba nane, ule mwingine ufute."

Akasimama nyuma ya kiti cha Fundi mpaka akahakikisha umefutwa. Zilikuwa zimebaki dakika kumi na mbili. Fundi alipositasita juu ya kitufe cha kutuma, Kengele akanyoosha mkono juu ya bega lake, akabonyeza mwenyewe.

Mstari wa bluu ukaanza kutambaa kwenye skrini. Aliutazama mpaka ukafika mwisho, ndipo akasema, "Haya, washeni feni."