Olupot Amesimama Mbele

Taaka alitamani mvua inyeshe. Alitazama mwamba wa Tororo na mawingu juu yake, lakini mawingu yalikuwa meupe, hayana haraka. Miguuni pake mpira ulikuwa umekaa juu ya kijiti. Mbele, pembeni ya nyasi fupi, alisimama Olupot, mbeba mifuko mwenzake, na tawi la mkaratusi mkononi.

Ndivyo walivyofanya wabeba mifuko ya fimbo za wachezaji wa uwanja huo mdogo wa gofu, kando ya barabara ya kwenda Busia. Mmoja lazima asimame mbele aone mpira unapoangukia, achomeke tawi hapo, maana nyasi za pembeni ni ndefu, na mpira ukiingia humo umepotea. Jumamosi iliyopita Taaka alikuwa akijaribu kupiga, mpira ukapinda kulia ukampata Olupot sikioni. Sikio lilivimba kama andazi. Alipoanguka hakulia, na kule kutolia ndiko kulikomtisha Taaka zaidi.

Leo kapteni wa uwanja, Mzee Wabwire, alikuwa anachagua msichana mmoja wa kufundishwa kucheza. Mpira wako ukionekana kwenye nyasi fupi, umepita. Usipoonekana, unarudi kubeba mifuko. Wasichana wenzake wote walikuwa wameshapiga, na mipira yao imemezwa na nyasi ndefu. Alibaki yeye.

"Piga basi, mtoto wa Lumino!" mmoja wao akamcheka, akitaja kijiji cha kwao Taaka. "Olupot amebakiza sikio moja!"

Betty, mbeba mifuko wa siku nyingi aliyemfundisha kushika draiva, ile fimbo ndefu yenye kichwa kikubwa, alisogea karibu.

"Unajua unaharibu wapi? Unapiga haraka ili woga uishe haraka. Mikono inakimbia, kiuno kimebaki Lumino."

"Dada, nitaua mtu."

"Nyumbani mnatwanga wawili kinu kimoja?"

"Ndiyo. Mimi na mama."

"Mbona hujamvunja vidole?"

Taaka akafikiri. "Nangoja mchi wake uguse chini, ndiyo wangu ushuke."

"Basi. Ngoja mguu wako wa kushoto ukanyage, ndiyo mikono ishuke."

Taaka aliinua draiva. Ilipofika juu, mikono ikataka kukimbia. Akaizuia. Kisigino cha kushoto kikakanyaga, kiuno kikageuka, halafu mikono ikashuka yenyewe. Mlio ulikuwa mwingine kabisa, mkavu na mfupi. Akafumba macho, akingoja ukelele wa mtu.

Hakusikia ukelele. Alipofumbua, Olupot alikuwa amechuchumaa, tawi juu ya kichwa, uso katikati ya magoti.

"Umeangukia wapi?" kapteni aliita.

"Sijui, Mzee! Nilijificha!"

Wasichana wakacheka mpaka wakashikana mabega. Kapteni hakucheka. Jua lilikuwa usoni pake, naye hakuona kitu.

"Mpira haujaonekana. Apige mwingine. Lakini safari hii nataka mtu mwenye macho pale mbele."

Vicheko vikaisha. Kila mmoja alitazama viatu vyake. Betty akatembea mpaka kwa Olupot, akamnyang'anya tawi. Hakusimama pembeni. Alisimama katikati kabisa ya nyasi fupi, akageuka.

"Dada, toka hapo!" Taaka alipiga kelele. Pale uwanjani hakuna aliyewahi kusikia sauti yake ikipanda hivyo.

"Leo mimi ndiye mama yako!" Betty akajibu. "Twanga!"

Viganja vya Taaka vilikuwa vimelowa jasho. Akavifuta kwenye sketi, akainua. Mikono ikakataa kungoja, akaingojesha. Mguu ukakanyaga. Mpira ukaondoka chini chini, ukaanza kupanda, ukapita juu ya kichwa cha Betty, naye akageuka nao, akaukimbilia. Mbali kule akainama, akachomeka tawi kwenye nyasi fupi.

Kapteni alipiga makofi. Taaka hakuyasikia. Alikuwa ameketi chini, akimtazama Betty akirudi, na hakuthubutu kumpungia mkono kabla hajafika karibu akamwona mzima.