Ziwa Ngosi na Kikohozi cha Baba Mkwe

Baba mkwe wangu nilimjua kwa kikohozi. Tangu niolewe na Sedekia sikuwahi kumwona usoni, wala yeye hakuwahi kuniona, na tuliishi kwa amani kuliko watu wengi wanaotazamana kila siku. Ndivyo desturi ya Wanyakyusa ilivyo: mke wa mwana haonani na baba mkwe wake, hamgusi, halitaji jina lake. Siku hizi wengi wameiacha, hasa mjini. Yeye hakuiacha, na mimi Faustina, Mhehe wa Tosamaganga niliyelelewa na masista, niliishika kuliko hata mabinti wa kwao. Akikaribia, anakohoa. Nikisikia, natoka njiani: nyuma ya mlango, nyuma ya migomba, popote. Kuna Jumapili nilijitosa kwenye banda la nguruwe na gauni langu la kanisani.

Msinionee huruma. Nilipojifungua Lea, tukiwa bado tunaishi kijijini kwao, nilirudi nyumbani sina nguvu hata ya kunyanyua sufuria. Kila asubuhi nilisikia kikohozi uani, kisha hatua zikiondoka, na mlangoni nikakuta dumu la maziwa, bado ya vuguvugu. Baadaye shangazi za mume wangu walikuja kumtaka Sedekia aongeze mke, kwa kuwa mimi nimezaa mmoja tu, tena wa kike. Mzee alisimama uani akasema kwa sauti ya kunifikia jikoni, "Nyumba hii ina mkwe mmoja, na anatutosha." Nilikuwa nachekecha unga, machozi yakaingia humo humo.

Kumshukuru sikuweza. Unamshukuruje mtu usiyeruhusiwa kusimama mbele yake? Nilituma shukrani kupitia mama mkwe, naye alizifikisha, lakini shukrani ya kutumwa hufika imepoa.

Mwaka huu macho yake yakaanza kufunga. Yeye na mama mkwe walihamia kwetu Mbalizi ili wawe karibu na kliniki, na daktari akasema ni presha ya macho: kilichokwisha kupotea hakirudi, na kilichobaki dawa itakichelewesha tu. Mzee alikuwa anaona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Nyumba yetu ni ndogo. Nilikuwa napita mlango wa nyuma kama mwizi ndani ya nyumba yangu mwenyewe, na kikohozi kilisikika kutwa.

Alikuja na kalenda ya zamani, ameikunja ndani ya koti. Miezi yake ilishapita, ila picha alizipenda. Zilikuwa za sehemu za dunia zisizofanana na dunia: uwanda wa chumvi wa Bolivia ambako mtu anaonekana anatembea juu ya mawingu, milima ya China yenye mistari myekundu na ya njano, minara ya mawe ya Uturuki. Aliisogeza karibu na jicho na kuipitisha taratibu, kipande kwa kipande. Sisi wawili tulikuwa tunazungumza kwa kumpitia mama, hata kama tumetenganishwa na pazia tu.

"Mama," nilisema siku moja kutoka jikoni, kwa sauti, "hiyo minara hata kwetu ipo, pale Isimila. Nguzo za udongo ndefu kuliko kanisa. Tulikuwa tunatafutia humo mbuzi waliopotea."

Sauti ikatoka sebuleni. "Mama Sedekia, hebu mwulize. Aliziangalia, au alitafuta mbuzi tu?"

Nikasema ukweli: "Nilitafuta mbuzi tu."

"Hata mimi," akasema mzee polepole. "Nimezaliwa chini ya mlima wa Ngosi, nimelima pale, nimezeeka pale. Wazungu wanapanda ndege kuja kuliona lile ziwa la kileleni. Mimi kila mwaka nasema, nikishavuna nitapanda. Sasa naona nitafunga macho bila kuliona."

Sedekia aliahidi kumpeleka, lakini yuko mgodini Makongolosi, na likizo yake ikasogezwa hadi Krismasi. Krismasi! Mimi nina hasira za karibu, kila mtu anajua. Nilimwambia kwenye simu, "Baba Lea, hadi Krismasi baba atakuwa anaambiwa tu ziwa lilivyo." Nikakata. Jumamosi iliyofuata nikakodi Noah ya jirani. Mzee mbele na dereva, mama katikati, mimi nyuma kabisa na uso wangu ndani ya kitenge.

Mwongozaji wetu alikuwa Zabron, kijana wa Kisafwa mwenye buti kubwa na maneno mengi. Tulipanga safu: Zabron, mzee na fimbo yake, mama, mimi mbali nyuma. Njia ilianza vizuri, msitu mweusi wenye migomba pori na ubaridi wa Juni. Ilipoanza kupanda kwenye mianzi, mama akakaa juu ya gogo.

"Magoti yangu yamekataa," alisema. "Nendeni. Nitawasubiri hapa."

"Mama, sasa mimi na baba tutaendaje?"

"Unaniuliza mimi? Si wewe uliyekodi gari?"

Mbele kulikuwa na kipande chenye matope na mizizi, kikali kama paa la nyumba. Zabron alisema mzee anahitaji mtu wa kumsukuma kutoka chini na mtu wa kumvuta kutoka juu. Nikatafakari. Nikavua kitenge, nikampa Zabron ncha moja amkabidhi mzee, nikapita pembeni nimeinamisha kichwa, nikatangulia na ncha ya pili, Zabron akibaki chini kusukuma. Mgongo wangu kwake, uso wake kwa mgongo wangu, nguo katikati. Hata wazee wa ukoo wasingepata neno.

"Zabron," mzee alisema akihema, "mwambie Mama Lea asivute kama anavuta ng'ombe."

"Mama Lea, usivute kama…"

"Nimesikia! Mwambie baba anyanyue mguu wa kushoto, kuna mzizi."

"Mzee, mguu wa…"

"Nimesikia."

Tukafika karibu kabisa na ukingo. Upande wetu wa kulia njia iliishia hewani, ukungu mtupu. Na hapo, kwa ule ubaridi, mzee akakohoa.

Mwili wangu haukuniuliza. Nilisikia kikohozi, nikaachia kitenge, nikaruka kichakani nikajibanza nyuma ya mti, kama nilivyofanya maisha yangu yote ya ndoa. Nikamsikia Zabron akipiga kelele. Nilipochungulia, mzee alikuwa amepiga magoti kwenye matope, mkono mmoja unapapasa mahali pasipo na ardhi.

Sikukumbuka desturi wala heshima. Nilimrukia nikamshika mkono, kwa mkono wangu mtupu, nikamvuta hadi tukaangukiana kwenye majani. Mkono wake ulikuwa mkavu na wa moto. Niligeuza uso haraka nikaanza kulia, kwa woga na kwa aibu, sijui kipi kilizidi.

Mzee alijikokota akaketi kando yangu. Kisha nikahisi mabega yake yanatikisika. Alikuwa anacheka.

"Zabron," alisema, "mwambie Mama Lea kile kilikuwa kikohozi cha kawaida tu. Baridi."

Zabron hakufikisha. Alienda pembeni, akajifanya anatafuta mtandao kwenye simu.

Tulikaa palepale, bega kwa bega, tumeangalia mbele, na mbele kulikuwa na ukungu. Niliomba kimoyomoyo kwa watakatifu wote ninaowajua. Upepo ukaja. Ukungu ukapasuka kutoka chini, nalo ziwa likajitokeza, mbali chini yetu, kijani ambacho sijakiona kwenye nguo wala jani, limetulia ndani ya kuta za msitu pande zote. Hakuna nyumba, hakuna shamba, hakuna moshi. Nilihisi tumekuta dunia kabla haijaanza kutumika.

Mzee aligeuza kichwa taratibu kutoka kushoto kwenda kulia, kipande kwa kipande, hadi akalimaliza lote. Alinong'ona neno moja la Kinyakyusa ninalolijua vizuri. "Ndaga." Asante. Akalirudia.

"Mama Lea."

Nilishtuka. Hakuwa anamwambia Zabron.

"Abee, baba."

"Ziwa nimeliona. Bado kitu kimoja."

"Kipi, baba?"

"Geuka."

Nilikaza macho ziwani.

"Desturi nimeishika kwa kukuheshimu," alisema, "na mpaka leo nakuheshimu. Lakini giza linakuja, mwanangu. Sitaki kuingia humo bila kuijua sura ya mtu anayenilisha."

Nikageuka. Nilikuta uso wa mzee mwembamba, ndevu nyeupe, tope kwenye shavu, na macho ya Sedekia kabisa. Alisogea karibu. Alinipitia kama anavyopitia kalenda: paji la uso, jicho, jicho la pili, pua, kidevu. Machozi yalikuwa yananitoka, nikatabasamu kwa kukosa la kufanya.

"Kumbe ni wewe mwenye mwanya," alisema. "Siku zote najiuliza Lea kautoa wapi."

"Baba," nilisema. "Baba, ndaga fijo. Asante sana kwa maziwa yale. Na kwa siku ile waliyokuja shangazi."

"Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Nilisema kwa nguvu makusudi," alisema, akarudisha macho kwenye ziwa.

Tulipomrudia mama pale kwenye gogo, alitutazama mmoja mmoja, akaona tope, akaona kitenge kiko mabegani mwangu na uso wangu uko wazi. Alinyanyuka akatangulia, na yale magoti yaliyokataa kupanda yalishuka mlima mzima bila kulalamika.

Mimi nilishuka nimemshika mzee mkono. Katikati ya mianzi alikohoa, nikasikia mwili wangu ukitaka kuruka. Niliubana mkono wake, tukaendelea kushuka.