Programu Iliyodhani Iko Buruburu

Wakiuru alipuliza mrija kwa mara ya pili, safari hii akatia ndani yake na katusi kadogo ka Kikuyu ili pumzi iwe na uzito. Kompyuta ya zahanati ikaandika vilevile kama wiki iliyopita: UKO SAWA. RUDI NYUMBANI.

"Nyumbani ndiko nilikoupatia ugonjwa," Wakiuru akaiambia.

Alikuwa fundi cherehani wa Dandora, na chumba chake kilikuwa karibu sana na jalala hivi kwamba nguo alizoshona zilinuka moshi kabla ya kuvaliwa na mwenyewe. Sasa kifua kilikuwa kimeanza kupiga filimbi. Hospitali kubwa ilikuwa na mitungi ya oksijeni ya kwenda nayo nyumbani, lakini hupewi mtungi bila rufaa, na rufaa haitoki mpaka programu ikubali. Sista Nthambi, muuguzi wa pale, alikisikia kifua hicho tangu mlangoni. Bahati mbaya masikio yake hayakuwa na pa kubofya. Ndipo akamwita Kitonga, fundi wa kompyuta.

"Sasa, shosho," Kitonga akamsalimia bibi huyo akivuta kiti.

"Sasa ni ya vijana. Mimi nisalimie vizuri, nisife bila heshima."

"Shikamoo, shosho."

"Marahaba. Nyinyi watu wa Ukambani si ndio wachonga vinyago? Haya, mchongee huyu akili."

"Akili anazo. Nataka kwanza kuona mazingira yake."

"Mazingira si hayo hapo dirishani? Na ufunge, yanaingia."

Kitonga akacheka, akalifunga dirisha. Akamweleza kwamba programu nayo huwa na mazingira. Kila inapoamshwa hunong'onezwa maneno machache: wewe ni nani, uko wapi, useme lugha gani, umtii nani. Haina macho ya kwenda kuhakikisha. Ikidanganywa hapo, itapiga hesabu bila kukosea juu ya uongo.

"Kama bwana harusi," Wakiuru akasema.

Kitonga akaandika neno moja la kuitaka programu ionyeshe mazingira yake, akagonga kitufe. Mazingira yakatoka.

Yalitokea nyuma ya kompyuta, pale waya unapoingia, bila haraka. Kwanza ikaja harufu ya ua wa miti ya kayaba uliopunguzwa asubuhi hiyo. Halafu ubaridi wa kivuli. Bogenvilia ikatambaa darini na kuanza kumwaga maua sakafuni, naye Mideva, mfagizi, akasema, "Jamani, nimetoka kupiga deki sasa hivi," akaenda kuleta ufagio. Paka mnene akapita chini ya benchi. Nyuma ya kabati la dawa mtu alikuwa akiosha gari lake huku akipiga mluzi. Wagonjwa wakasogeza miguu kupisha nyasi.

Wakiuru akavuta pumzi. Ikashuka mpaka chini kabisa, kule ambako alikuwa ameshasahau kwamba kuna chumba.

"Hapa ni Buruburu," akasema mzee Muriuki, karani mstaafu aliyekuwa akingoja zamu yake. "Niliishi huko kabla ya kustaafu. Ukuta ule naujua."

Kitonga akasoma kwenye kioo. Kweli, mbele ya neno MAHALI paliandikwa Buruburu, mtaa usio na jalala. Programu ilikuwa ikipima kila pumzi kwa hewa ya mahali iliponong'onezwa kwamba ipo. Kwa hewa ya Buruburu, filimbi ya Wakiuru ilikuwa ya mama mzima aliyepanda ngazi kwa pupa. Apumzike tu.

"Kakosa kadogo," Kitonga akasema. Akafuta Buruburu, akaandika Dandora, akaiamsha programu upya.

Buruburu ikarudi ndani ya waya, paka akiwa wa mwisho, tena kwa kununa. Pale pale ukaanza kutoka moshi. Mzee Muriuki akapuliza mrija. Mashine ikachapa: APEWE RUFAA. Mideva akapuliza akiwa ameegemea ufagio, akapewa rufaa. Sista Nthambi akapuliza kwa kujaribu tu, akapewa yake, akaikunja na kuitia mfukoni.

Wakiuru alikuwa akiupangusa mrija kwa spiriti simu ya Kitonga ilipolia. Ilikuwa Madam Eve wa ofisi kuu. Kitonga akaiweka simu mezani kwa sauti ya juu, maana mikono ilikuwa kazini.

"Kitonga, nani amegusa mahali?"

"Ni mimi, madam. Ilikuwa imekosewa, imeandikwa Buruburu."

"Haikukosewa. Tuliandika sisi."

"Lakini zahanati iko Dandora."

"Najua iliko. Tukiandika Dandora, kila mtu atatoka mgonjwa."

"Na si ni wagonjwa, madam?"

"Si ndiyo nakuambia? Mitungi haitoshi." Hakuwa na sauti mbaya. Alisikika kama mtu anayemenya chungwa. "Rudisha vile ilikuwa. Hizo zilizotoka tumezifuta."

Mkononi mwa mzee Muriuki karatasi ikawa nyeupe. Akaikunja vizuri hivyo hivyo.

Kitonga akamtazama Wakiuru, ambaye tayari alikuwa ameushika mrija.

"Hata ukipuliza itafutwa, shosho."

"Ifutwe. Nataka inione mara moja."

Akapuliza, bila tusi. APEWE RUFAA, ikasema mashine. Wakiuru akayasoma maneno hayo kwa sauti, taratibu, kama anayesoma somo kanisani, mpaka karatasi ikabaki tupu.

"Haya, kijana wangu. Rudisha."

Kitonga akarudisha, nayo Buruburu ikatoka tena kwenye waya.

Tangu hapo zahanati hujaa mapema. Watu wa Dandora huja na watoto na mito ya kukalia, wakakaa kwenye nyasi wakipumua, huku Mideva akiwafokea wasikanyage maua aliyokwisha kuyakusanya. Ofisi kuu imeipongeza zahanati hiyo kwa kuwa na vifua vizima kuliko zote za Eastlands. Jioni, kabla Sista Nthambi hajazima kompyuta, huwapa ishara. Kila mmoja huvuta pumzi ndefu ya Buruburu, hufumba mdomo, kisha hushika njia ya kwao. Ya Wakiuru humfikisha hadi kwa kinyozi wa kona. Anafanya mazoezi ifike mlangoni kwake.