Wanasema Nini Darajani

Jumapili ile niliuandika mwenyewe ubao wa kibanda cha filamu, kwa chaki ya rangi mbili: LEO SAA NANE MCHANA. DARAJA, SEHEMU YA NNE. MTAFSIRI: OKWIR, MSHAIRI WA MBUYA. Wandera, Mkenya mwenye kibanda, akatoka na kikombe cha chai, akausoma ubao mara mbili.

"Umeiangalia lakini?"

"Mimi siangalii kabla. Unanijua."

"Nakujua, ndiyo maana nauliza. Mavijei wote wa mji huu wanaangalia kwanza. Wewe peke yako ndiyo nabii."

"Wao wanatafsiri. Mimi natunga."

"Haya, bwana mtungaji. Ukianguka, usianguke na maiki yangu."

Nilicheka. Siku hiyo nilikuwa bado nacheka.

Kazi yangu ni hiyo: nakaa nyuma ya mabenchi na maiki, filamu ya kigeni inapita mbele, nami naisema upya kwa Kiswahili pale pale. Mavijei wenzangu, watafsiri wa filamu wa katikati ya mji, hutumia Kiganda. Lakini kibanda chetu kiko chini ya kambi ya jeshi, hapa Mbuya, Kampala, na wateja wake ni wake wa askari, askari wastaafu, Wakenya wenye maduka, watu wa Gulu na Arua na Busia. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha, na mtu wa kukisema ni mimi. Sikusomea ushairi popote. Nilihesabu mizani kwa vidole hadi vidole vikajua vyenyewe.

Na nilianzia kwenye Daraja.

Daraja ni gemu. Baba yetu, sajini, alituletea mashine kutoka safari moja ya kikazi, na diski tatu za Kijapani zisizo na neno hata moja tunalolijua. Jina lake halisi hatukulijua pia. Tuliita Daraja kwa sababu kila sehemu iliishia darajani. Kulikuwa na watu wawili, mmoja mrefu mwenye upanga, mwingine mfupi mwenye taa. Mrefu tukamwita Afande. Mfupi tukamwita Kadogo. Kaka yangu Olal, mwenye miaka kumi na minne, alishika pedi ya kumwongoza Afande. Mimi wa miaka tisa nilikuwa Kadogo. Kila walipofungua midomo, Olal alinigeukia.

"Wanasema nini?"

Nami nilimwambia. Sikujua chochote, lakini nilimwambia. Nilisema wale wawili ni ndugu. Nilisema mama yao yuko upande wa pili. Mwishoni mwa diski ya tatu Afande anabaki peke yake darajani, majoka yanakuja, Kadogo anakimbia na wanakijiji, halafu kioo kinakuwa cheupe. Basi. Kampuni haikusema alipona au hakupona. Nilipofika miaka kumi na mitano nikamtungia maneno ya pale darajani, na Olal akayashika kwa moyo:

Daraja hili ni letu, hapiti asiye wetu,
Nyuma wamelala watu, mbele wamejaa chatu,
Sishuki kwa neno katu, hata nivikwe na kutu,
Asubuhi ndugu yetu, atanikuta imara.

Tulingoja sehemu ya nne miaka kumi na mitano. Ikaja, lakini si gemu. Ikaja kama anime, katuni za Kijapani, na maandishi ya Kiingereza chini. Wandera aliipata kwenye flashi huko sokoni Kikuubo. Nilimwambia Olal siku ile ile. Yeye alikuwa ng'ambo na kikosi chake, mwezi wake wa saba huko. Kila Jumamosi alituma ujumbe wa sauti, na ule wa mwisho bado ninao.

"Kadogo, itangaze hiyo kitu, jaza kibanda. Ila unirekodie sauti yako yote, nataka kujua kama jamaa alitoka pale darajani. Na usicheke, sisi pia huku tunalinda daraja. La kweli. Fupi kuliko lile letu, na mto wenyewe mchafu."

Hiyo ilikuwa Jumamosi. Jumamosi iliyofuata hakutuma. Nilimwandikia, nikaona alama moja tu kwenye simu, ile ya kwamba ujumbe umetoka lakini haujafika. Kufikia Jumapili ninayoisimulia, zilikuwa siku kumi na tano.

Na wiki ile gari lilikuwa limeanza kupita. Kila mtu anayeishi karibu na kambi analijua: gari la kijani, ofisa mmoja mbele, padri wa jeshi nyuma, mwendo wa mtu anayesoma namba za milango. Likipita, wanawake huacha kufua. Wanasimama na mikono yenye povu hadi lipinde kona, halafu wanaendelea bila kuangaliana. Jumanne lilipita kwetu. Ijumaa likapita tena, polepole zaidi, likasimama mbele ya geti la jirani, likaondoka.

Saa nane kasoro mabenchi yalikuwa yamejaa. Mzee Uthman, koplo mstaafu, alikaa mbele kabisa kama kawaida, miguu ameinyoosha.

"Mshairi! Leo tupe mtu wetu akiwa hai. Mimi nimezeeka, sina miaka mingine kumi na mitano."

"Afande hafi, mzee. Nimemtunga mimi."

Watu wakapiga makofi. Ndipo nikamwona Lakica, mke wa Olal, anaingia na kitambaa kimefungwa vibaya kichwani. Hajawahi kuja kibandani. Ni mwalimu, na alizoea kusema kelele zangu zinamtosha nyumbani.

"Shemeji, umekuja?"

"Nikikaa ndani nasikia kila gari. Mama yuko na Moreen wa jirani." Akatazama simu yangu juu ya meza, taa nyekundu ya kurekodi inawaka. "Ni rekodi ya Olal hiyo?"

"Ni yake."

"Basi sema vizuri," akasema, akakaa benchi la mwisho, karibu yangu.

Wandera akafunga pazia. Filamu ikaanza.

Nilijua ndani ya dakika ya kwanza kwamba wametuibia. Daraja lenyewe halikuwepo. Lile daraja la mawe, lenye ile taa iliyovunjika ambayo mimi na Olal tuliipita mara elfu, walilichora kama mstari wa kijivu na ukungu, ukungu mwingi wa mtu mvivu. Afande alikuwa na uso laini wa mwimbaji. Kadogo amekua, amevaa dhahabu. Na maandishi yale ya chini yalianza kunipiga moja baada ya jingine. Kadogo hakuwa ndugu wa Afande. Alikuwa bwana wake. Afande alikuwa mlinzi wa kuajiriwa, hana jina, wanamwita "yule mlinzi." Hapakuwa na mama upande wa pili. Hapakuwa na ndugu.

Nikaendelea kusema yangu. "Ndugu yangu," nikasema kwa sauti ya Kadogo, "taa yetu bado ninayo." Watu wakaguna kwa raha. Sikuona vibaya. Kama wamekosea hadithi, nani ataisahihisha kama si mimi?

Dakika ya nane Afande alianguka.

Hata joka halikumgusa. Kipande cha daraja kilikatika, akaenda chini, na mchoraji hakujisumbua hata kumchora akifika majini. Ukungu tu. Kadogo akasimama ukingoni na dhahabu yake, akatazama chini muda mfupi, akafungua mdomo. Chini ya uso wake pakaandikwa kwa Kiingereza: Mlinzi hakupatikana. Tusimngoje. Leteni mwingine.

Kulikuwa tayari na mwingine. Kijana mpya mwenye nywele za bluu alikuwa anacheka nyuma yake, na ndiye aliyekuwa kwenye picha ya tangazo, ambayo mimi kwa kiburi changu sikuwa nimeitazama.

Damu ilinipanda. Nikaivuta maiki hadi ikagusa meno.

"Namwona!" nikapaza sauti. "Namwona ndugu yangu! Ameshika mzizi! Anapanda! Tusiondoke hapa, tumngoje, anapanda!"

"Anapanda wapi?" Mzee Uthman akauliza. "Mbona wanaondoka?"

"Wanaenda kuleta kamba!"

"Wee mshairi, wamepanda farasi. Kamba gani?"

Watu wakacheka, lakini mimi sikuacha. Nikaanza ubeti wetu, daraja hili ni letu, hapiti asiye wetu, juu ya kicheko cha yule wa nywele za bluu, na wachache wakaitikia. Nilikuwa katikati ya mstari wa pili Lakica aliposimama. Mkono wake ulikuwa umenyooka kuelekea kwenye kioo.

"Sivyo ilivyoandikwa."

Nikazima maiki. "Shemeji, kaa."

"Okwir, mimi nasoma Kiingereza. Nafundisha watoto Kiingereza." Sauti yake haikuwa kubwa. "Wamesema hakupatikana. Wamesema wasimngoje. Kwa nini unawaambia watu anapanda?"

"Ni katuni, shemeji. Ni katuni mbovu, waandishi wake ni mbwa."

"Na hiyo unamtumia Olal?" Akaonyesha simu. "Hata yeye utamwambia hivyo?"

Mimi, mshairi wa Mbuya, niliishusha maiki. Lakica akafungua pazia, mwanga ukaingia ukafuta kioo, akatoka.

"Banange, funga pazia!" mtu akapiga kelele.

"Isimamishe," nikamwambia Wandera.

"Okwir, watu wamekaa."

"Nimesema isimamishe! Sitatia mdomo wangu kwenye uchafu huu."

Akaisimamisha. Mzee Uthman akanigeukia, na safari hii hakuwa na mzaha usoni. "Kijana, ulituahidi yuko hai. Nani alikutuma kuahidi?"

Nilichukua simu nikatoka. Rekodi ilikuwa bado inaendelea. Nikaizima, nikaitazama ile alama moja chini ya ujumbe wangu wa mwisho, nikaanza kupanda kilima nikitukana waandishi wa Kijapani, mmoja baada ya mwingine, nisiowajua majina. Nilikuwa natukana bado nilipogundua kwamba njia nzima ni kimya. Mabeseni yalikuwa nje, nguo zimo ndani ya maji, na hakuna aliyekuwa anafua.

Gari la kijani lilikuwa mbele ya geti letu.

Sikukimbia. Nilidhani nikikimbia nitakuwa nimekubali.

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki uani, Moreen amemshika bega. Lakica alikuwa amesimama ukutani, kitambaa kimemdondoka mabegani. Meja mmoja, mtu wa magharibi ya Uganda kwa sura na lafudhi, alikuwa ameshika kofia yake mbele ya tumbo. Padri alisimama hatua moja nyuma yake. Mama alikuja Kampala mtoto wa Olal alipozaliwa, na hajui Kiswahili wala Kiingereza. Anajua Kiacholi tu. Alikuwa anawatazama midomo.

"Wewe ni mtoto wa nyumba hii?" Meja aliniuliza.

"Ndiyo, afande."

"Dada hapa amesikia, lakini hawezi kumwambia mama. Unaweza?"

Nikamtazama Lakica. Akatikisa kichwa. "Mimi siwezi, shemeji," akasema. "Wewe ndiye mtafsiri."

Meja akazungumza. Alikuwa na karatasi lakini hakuisoma. Alisema kituo chao kilishambuliwa alfajiri ya siku kumi na mbili zilizopita. Alisema daraja lilivunjika. Alisema watu walitafuta mto kwa siku tisa, kushuka chini hadi mahali maji yanapogawanyika. Walipata wanne. Olal hakuwa mmoja wa wale wanne. Alisema jeshi halijui kama yu hai au amekufa, na kwa sasa hawezi kusema zaidi ya hapo.

Mama akanigeukia. Kwa lugha yetu, na kwa uso ule ule wa Olal akiwa na pedi mkononi, akauliza:

"Wanasema nini?"

Maneno yalikuja. Naapa hayakuja polepole. Yalikuja yamepangwa, nane kwa nane: mto una mizizi mingi, kijana wako ana mikono, anapanda, mama, anapanda. Nilikuwa na sauti ya kuyasema na angeamini. Angelala usiku ule. Angeniuliza kila asubuhi amefika wapi, nami kila asubuhi ningetunga.

Lakica alikuwa ananitazama.

"Wanasema daraja lilivunjika," nikasema. "Wanasema wametafuta mtoni siku tisa. Hawajampata."

"Amekufa?"

"Hawajui."

"Yuko hai?"

"Hawajui, mama."

Akangoja. Ananijua; tangu utoto wangu hajawahi kunisikia nikiishia hapo. Akainama mbele kidogo kwenye kiti.

"Halafu?"

"Basi. Wameishia hapo."

"Ongeza," akasema.

"Sina."

Meja aliuliza mama amesema nini. Nikamwambia. Akaivaa kofia yake, akaivua tena. Padri akaanza sala kwa Kiingereza, na mama hakufumba macho. Alinyanyuka, akakigeuza kiti chake cha plastiki hadi kikaelekea geti, akakaa.

Kutoka chini ya kilima spika ziliwaka. Wandera alikuwa ameiendeleza filamu bila mimi. Sauti za Kijapani zilipanda hadi uani kwetu, moja inaamuru, moja inacheka, na nilijua watu wote kibandani wamekaa wanatazama midomo.