Fedha ya Kwenye Sinki

Jumanne fundi bomba alirudi nyumbani mtaa wa Bombambili mchana kweupe, saa ambayo si yake. Akampita mkewe Asma uani akichambua mboga za maboga, asimsalimie, akaenda moja kwa moja hadi kwa mama yake aliyekuwa ameketi mkekani.

"Mama, nipe mkono. Fumba macho kwanza."

Bi Mwamvua akafumba. Huyu mama alikuwa Myao wa Nakapanya kule Tunduru, mjane mwenye maneno mengi na vitendawili zaidi ya maneno. Alikuja Songea kumtunza mkwewe, maana mimba ya kwanza ya Asma ilitoka, na hii ya pili alikuwa ameapa ataisindikiza mwenyewe mpaka mtoto alie.

Alipofumbua macho alikuta kiganjani chembe za kijivu, zinang'aa, na nzito kuliko ukubwa wake.

"Umezitoa wapi hizi?"

"Kule kwa daktari wa meno. Sinki lao lilikuwa limeziba. Nikafungua kile kikombe cha chini kinachonasa uchafu, nikakuta zimejaa tele." Akatoa kopo zima kwenye mfuko wa suruali, akalitikisa. "Ndiyo ile wanayowazibia watu meno. Mama, ni fedha hii."

Sasa, mtu aliyekulia njia ya Tunduru, akaona wanaume wanachuchumaa kando ya barabara wakigeuzageuza vijiwe vya thamani juani, huwezi kumwekea kitu kinachong'aa mkononi akakirudisha hivihivi. Bi Mwamvua alizigeuza zile chembe huku na huku, akazipima uzito. Moyoni alishaiona bangili. Bangili ndogo ya fedha, kwenye mkono mnene wa mjukuu wake.

"Tuzitie motoni," akasema. "Kama ni fedha zitayeyuka zikusanyike pamoja, tuone. Asma! Asma mwanangu, washa jiko ulilete humu ndani, huko nje upepo utatusumbua. Na ile sufuria iliyovunjika mkono ilete pia."

Asma akaleta jiko, akapiga magoti akapuliza makaa mpaka yakawa mekundu. Mama mtu akamwaga chembe ndani ya sufuria. Alikuwa ameshaishika aiteleke, ndipo pikipiki iliposimama nje na mtu akapiga hodi huku ameshaingia.

Alikuwa Oliva, tabibu wa meno kule kliniki, aliyekuta kikombe cha sinki kitupu akamfuata fundi, amevaa bado lile koti lake jeupe. Alitazama jiko, akatazama sufuria, akatazama tumbo la Asma. Alimshika Asma mkono akamwinua, akamtoa hadi uani kama anayemtoa mtu kwenye nyumba inayoungua.

"Shikamoo bibi," akasema aliporudi, anahema. "Nakuomba, weka hiyo sufuria chini, mbali na moto."

"Marahaba. Kwani nini? Tunapika mboga," akasema Bi Mwamvua.

"Mboga gani hiyo inang'aa, bibi?"

Jumanne akaingilia kati. "Dada Oliva, sema tu unaitaka mwenyewe. Mmeikalia miaka yote chini ya sinki, leo fundi kaiona ndiyo mnakuja mbio?"

"Ni fedha kweli, Jumanne, sitakudanganya. Fedha imo. Lakini karibu nusu yake ni zebaki. Zebaki unaijua?"

Jumanne akarudi nyuma hatua moja. Aliijua. Aliwaona wachenjuaji wa dhahabu wakiishika kwa mikono mitupu, na alimjua mmoja ambaye siku hizi hawezi kubeba kikombe cha chai kisimwagike.

"Sasa ukiitia motoni inapaa," Oliva akaendelea. "Huioni, haina harufu. Nyinyi mnakaa mnaisubiri fedha, yenyewe mnaivuta. Inaharibu figo, inaharibu ubongo. Na mama mwenye mimba akiivuta, inamfikia mtoto."

Bi Mwamvua alitazama mlangoni. Asma alikuwa amesimama kizingitini, mikono yote miwili ameiweka tumboni. Yule mama akaiona tena bangili yake, na safari hii akaona pia nani alikuwa amepiga magoti kupuliza moto, na nani aliyemwamuru.

"Lete chupa," akamwambia Jumanne. "Ile ya mfuniko wa kukaza."

Wakazihamishia chembe ndani ya chupa taratibu, Oliva akaongeza maji juu yake, akafunga mfuniko kwa nguvu zake zote. Jumanne akabeba jiko nje. Ilionekana mambo yamekwisha. Oliva akanyoosha mkono apewe chupa aende zake.

Bi Mwamvua hakumpa. Aliikumbatia.

"Ngoja mwanangu. Hizi ni zile zilizonaswa na kikombe. Zilizopita zimekwenda wapi?"

Oliva akaanza kujipangusa mikono kwenye koti.

"Nakuuliza kwa wema tu. Bomba linatokea wapi?"

Aliyejibu ni Jumanne, maana mabomba ndiyo kazi yake. "Bondeni, mama. Linatokea kwenye mfereji wa bustani za akina Mama Zabibu."

Uani ungo ulianguka. Asma alikuwa ameurudia ungo wake, sasa ameziachia zile mboga za maboga. Alizinunua kwa Mama Zabibu asubuhi ileile.

"Sisemi kwamba mboga zina sumu," Oliva akasema haraka. "Sijui. Hakuna aliyewahi kupima. Nimemwambia Daktari Valence, mwenye kliniki, tuikomeshe, si mara moja. Kuna dawa nyeupe ya kuzibia, haina zebaki, na mara nyingi inatosha. Kuna chombo cha kunasa chembe zote kabla maji hayajaingia bombani. Yeye si mtu mbaya, bibi. Kila nikimwambia, ananijibu tutaona, tutaona. Anasema hata aliyemwachia kliniki alimwaga hukohuko."

"Tutaona," Bi Mwamvua akarudia. Akasimama, akajifunga khanga kiunoni. "Twende tukaone."

"Mama, utaniharibia kazi," Jumanne akalalamika njiani. "Yule ndiye mteja wangu mkubwa."

"Mimi nilikuwa nakaribia kukuharibia mtoto. Tembea."

Kliniki ilikuwa na watu kwenye benchi, na kila mtu ameshika shavu lake. Kiti cha matibabu kilikuwa kitupu, kwa sababu Oliva hakuwepo na daktari alikuwa anazungumza kwenye simu. Bi Mwamvua akavua ndala, akapanda kwenye kile kiti, akajilaza, chupa ameiweka tumboni.

Daktari Valence, Mngoni mnene mwenye utani mwingi, akakata simu akaja akicheka. "Karibu bibi, mama wa fundi wetu. Jino gani linasumbua?"

"Halinisumbui jino."

"Basi umekuja kupumzika?"

"Nimekuja kukutegea kitendawili. Ukishindwa, sheria unaijua."

Daktari akawatazama watu wa benchi kupitia mlango uliokuwa wazi. Wote walikuwa wameshainua vichwa. Hakuna dawa ya maumivu inayoshinda kusikia watu wawili wanataniana. "Myao anitegee mimi? Nyie watu wa Tunduru mnajua vijiwe tu. Haya, tega."

"Kitendawili!"

"Tega!" benchi zima likaitika, hata wale ambao midomo yao haikufunguka vizuri.

"Nilimzika, akafufuka. Nilimchoma, akapaa. Nikamtupa mtoni, nikamkuta mezani kwangu anakula na mimi."

"Umbea!" akadakia mzee mmoja wa Maposeni, shavu limemvimba kama ameficha limau. Watu wakacheka, wengine wakajishika mataya kwa uchungu wa kucheka.

"Umekaribia baba, lakini siye."

"Mkwe!" akasema mwanamke mmoja.

"Wako huyo. Wangu nampenda."

Daktari Valence alikuna kichwa. Akasema moshi, akasema mvua, akasema mzimu. Kila jibu Bi Mwamvua alitikisa kichwa juu ya mto wa kiti. Mwisho daktari akanyoosha mikono juu. "Nimeshindwa bibi. Nakupa mji. Chukua Mbamba Bay, ukale samaki."

"Sina haja nayo."

"Basi chukua Dar es Salaam yote."

"Nitalala wapi Dar es Salaam?"

"Unataka mji gani basi, bibi yangu?"

"Nipe bonde hili hapa chini."

Daktari akacheka. "Hilo bonde si langu mimi."

"Kama si lako, mbona unamwaga humo?"

Kicheko kikamkatikia mdomoni. Bi Mwamvua akainua chupa, hakuifungua, ikang'aa chini ya ile taa ya kuchunguzia vinywa. "Huyu ndiye jibu. Zebaki. Imetoka kwenye sinki lako. Leo kidogo tumpikie mtoto wetu kabla hajazaliwa."

Kisha mwanamke mwenye mtoto mgongoni akauliza polepole, "Daktari, ni hiyohiyo uliyonizibia mimi?"

"Iliyoko jinoni iache mama, usiichokonoe," Oliva akamjibu. "Ikikaa imara haina haja ya kutolewa. Hatari yake kubwa ni inapochomwa, na inapomwagwa hovyo."

Daktari Valence akamgeukia. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Oliva. Wewe ndiye umemleta huyu bibi?"

Oliva alikuwa na watoto wawili shuleni, na kliniki za meno Songea si nyingi kiasi cha mtu kutoka hii akaingia ile.

"Ndiyo, nimeongozana naye," akasema. "Kuanzia leo mimi sizibi tena kwa zebaki. Na tukichonga jino lililozibwa zamani, chembe zake tutazinasa kwa chujio, tutazitia kwenye chupa ya mfuniko, tusizichanganye na takataka za kuchomwa. Zitakaa hapa mpaka zichukuliwe na wenye kibali. Nimeshaulizia, wapo, ingawa ni mbali. Kama kwa haya utanifukuza, nifukuze."

"Chombo unachokitaka hakipo Songea. Kinaagizwa mbali."

"Hata mimi nimetoka mbali," akasema Bi Mwamvua pale kitini, "na nimefika."

Mzee wa Maposeni akacheka kwa pua. Daktari Valence akalitazama lile sinki jeupe, safi, ambalo kila jioni alihakikisha linasuguliwa. Alikuwa mtu anayependa usafi, na labda ndicho kilichomuuma.

"Mpaka kifike tutafanyaje na maji?"

"Ndoo," akasema Oliva. "Maji yatulie, tuchuje."

"Jumanne, una msumeno?"

"Ninao, daktari."

"Kata hilo bomba. Uzibe upande unaoelekea bondeni." Kisha akamgeukia mama mtu. "Haya bibi, shuka sasa, nina wagonjwa."

"Nasubiri kwanza nisikie mlio."

Akausubiri. Msumeno ukaanza kukwaruza chini ya sinki, ukakwaruza, ukakwaruza, mpaka bomba likaachia, na Jumanne akatoka chini akiwa amelowa mikono ndani ya glavu za Oliva. Akagandisha kifuniko kwenye ncha ya upande wa nje. Oliva akaweka ndoo, akafungua maji. Yakaanguka ndani ya ndoo. Hapo ndipo Bi Mwamvua alipomkabidhi chupa, akavaa ndala zake.

Nje Jumanne alishika njia ya nyumbani, akageuka akaona yuko peke yake. Mama yake alikuwa anateremka upande wa pili, khanga ameikaza, anatafuta kwa mguu mahali pa kukanyaga kwenye udongo mwekundu.

"Mama! Unakwenda wapi huko?"

"Nimepewa bonde," akajibu bila kugeuka. "Lazima nikawaone watu wangu. Wana haki ya kujua kabla hawajachuma tena."

Chini kule akina Mama Zabibu walikuwa wameinama mashambani, ndoo zao kando ya mfereji, na mmoja aliponyanyuka akamwona mgeni anakuja, akampungia mkono.