Sudi Hafi Njiani

Adhuhuri usingizi unamchukua Mize juu ya meza ya kuchorea, kalamu mkononi. Tamthilia yao ya katuni, ile ya watu wazima, imebakiza sehemu ya mwisho tu: Sudi, baba aliyeitelekeza nyumba yake miaka kumi, anarudi kumwomba radhi binti yake. Sauti ya Sudi ilikuwa ya Shebe, kaka yake Mize, na Shebe amezikwa kabla hajairekodi radhi hiyo. Ofisini wanataka jibu kesho: aletwe mtu mwingine aseme, au Sudi afe njiani. Mize anazama, anazama, na nyayo zake zinagusa barabara aliyoichora mwenyewe, duka, mnazi, duka, mnazi, maana ili kupunguza kazi alichora kipande kimoja kinachojirudia, na sasa anakitembea bila kufika. Anaupita mji ambao nusu yake ni nusu nyingine iliyogeuzwa kama kiooni. Mbele yake yuko mtu asiye na uso. Uso wako uko wapi? anauliza Mize. Hukuuchora, dada, mimi mpita njia tu. Kitendawili. Tega. Hana mdomo, na wote wanamjibu. Mwangwi, anasema Mize. Mwangwi una mdomo, ila wa kuazima. Barua. Barua itafikaje, kwa barabara hizi zako? Umeshindwa, nipe mji. Mize anasita. Ndiyo desturi, aliyeshindwa hutoa mji, lakini mji alionao ni huu mmoja, na akiutoa Sudi hana pa kurudi. Sikupi, anasema. Basi jibu, acha ubahili.

Barabara inajirudia tena, na mlangoni mwa nyumba amesimama Sudi, mdomo wazi, sauti hakuna. Binti yake anamfungulia mlango. Nimekusikia, baba, anasema. Ingia, chai inapoa.

Ni marehemu, anasema Mize. Jibu ni marehemu. Yule asiye na uso anacheka mpaka anajishika mbavu. Umepata, mji ni wako. Na huyo kaka yako, hata alipokuwa na mdomo, si alikuwa akichelewa kazini kila siku? Kila siku, anasema Mize, naye anacheka, mara ya kwanza tangu mazishi, na barabara inanyooka, na vigelegele vinatoka katika kila dirisha.

Anainua kichwa. Mezani pana karatasi arobaini zilizokamilika, Sudi mdomo wazi bila neno, binti anamjibu. Hakumbuki kuzichora. Anampigia mkuu wao: Sudi hafi, wala haazimi sauti, karatasi ziko tayari. Haya mama, zilete, inajibu simu, nyuma yake vigelegele vikiendelea, na Mize, asiyejua yuko upande gani wa usingizi, anazibeba karatasi zake na kutoka.